Moyo Umeanza Kupona, Mbona Miguu Bado Mizito?

Barua tatu za toleo hili zimetoka mikoa ya Mtwara na Lindi. Waandishi wake hawajuani, lakini kila mmoja kwa njia yake anauliza kama mtu ambaye moyo wake umeshindwa kazi kwa muda mrefu anaumwa moyo peke yake, au maradhi yamefika pia kwenye mishipa ya damu na misuli. Ninaanza na ile ndefu, kwa sababu jibu lake ndilo linalobeba mengine mawili.

Swali kutoka Newala

Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 61 na ni mkulima wa korosho. Miaka miwili iliyopita alivimba miguu, akawa hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Hospitalini tuliambiwa kwamba moyo umetanuka kwa sababu ya presha ya muda mrefu na unashindwa kusukuma damu. Alianzishiwa vidonge, uvimbe ukaisha, na sasa analala vizuri. Kipimo cha eko, ile picha ya moyo, cha mwaka jana kilionyesha asilimia 30, cha mwaka huu 42, na daktari alifurahi. Lakini baba mwenyewe anasema hajaona tofauti. Akitoka nyumbani kwenda kwenye mikorosho ya karibu, mapaja yanakuwa mazito kama amebeba gunia, analazimika kukaa chini. Mama na shangazi wamemkataza kufanya lolote, hata maji ya kuoga anapelekewa. Je, vidonge havifanyi kazi, au kuna ugonjwa mwingine miguuni?

Jibu

Marahaba, mwanangu, na mpe mzee pole yangu. Vidonge vinafanya kazi, na kwa maelezo yako sioni dalili ya ugonjwa mwingine wa miguu, ingawa kuna jambo moja la damu linalofaa kupimwa ambalo nitalitaja baadaye. Anachokisikia baba yako ni sehemu ya ugonjwa uleule, sehemu ambayo sisi waganga tumekuwa wazito kuieleza kwa wagonjwa kwa sababu macho yetu yote huwa kwenye picha ya moyo.

Kwanza tuiweke hiyo asilimia mahali pake. Namba ya eko si alama ya mtihani wa shule. Chumba cha kushoto cha moyo hakitoi damu yake yote hata kwa kijana mwenye afya. Hutoa kidogo zaidi ya nusu ya kilichomo kwa kila pigo, na ndiyo maana kuanzia 50 kwenda juu huhesabiwa kuwa vizuri. Kutoka 30 hadi 42 ni hatua ya kweli, na daktari alikuwa na haki ya kufurahi. Hata hivyo, watafiti walipolinganisha namba hiyo na uwezo wa wagonjwa kutembea, waliona kwamba uhusiano kati ya hivyo viwili ni hafifu mno. Yupo mwenye 25 anayekwenda sokoni na kurudi, na yupo mwenye 45 anayechokea uani. Lililowashangaza zaidi ni kwamba wagonjwa walipowekewa kwenye mshipa dawa ya kuuhimiza moyo, damu iliyotoka moyoni iliongezeka papo hapo, lakini uwezo wao wa kufanya mazoezi haukupanda siku hiyo. Kama pampu peke yake ndiyo ingekuwa na kasoro, wangesimama na kutembea.

Sasa tushuke kwenye mishipa. Moyo unapopunguza kutoa damu, mwili hautambui kwamba moyo ndio uliochoka. Unachotambua ni kwamba damu imepungua njiani, na unafanya kile ambacho ungefanya kwa mtu aliyejikata panga shambani: neva na tezi humwaga adrenalini na jamaa zake, na figo huanzisha mfululizo wa homoni unaobana mishipa na kuzuia chumvi na maji yasitoke mwilini. Kwa aliyejikata panga, jibu hilo linaweza kumwokoa kwa saa chache anazohitaji ili afikishwe hospitali. Kwa baba yako, ambaye hakuvuja hata tone, liliendelea mchana na usiku kwa miezi mingi, hadi mishipa ikawa imebana kwa mazoea, na kuta zake, zilizoshiba chumvi na maji, zikakakamaa. Dawa kama enalaprili au losatani, spironolaktoni, na zile za kundi la bisoprololi hazikukusudiwa kuupiga moyo mjeledi. Kazi yake kubwa ni kuzima kengele hiyo inayolia bila sababu, na ndiyo maana haziachwi mtu anapojisikia nafuu.

Mishipa yenyewe nayo si mabomba tu. Mwaka 1980 mtaalamu wa Marekani, Robert Furchgott, alionyesha kwamba kipande cha mshipa wa sungura hulegea kikiwekewa dawa fulani iwapo tu utando wake laini wa ndani haujakwanguliwa. Utando ukikwanguliwa, mshipa haulegei tena. Baadaye ikafahamika kwamba utando huo hutengeneza gesi iitwayo naitriki oksaidi, inayopenya kwenye ukuta wa mshipa na kuuamuru ulegee, na mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kinachouchochea utando kutoa gesi hiyo kila siku ni damu yenyewe inapopita kwa kasi na kuusugua. Kwa mgonjwa wa moyo, damu hupita polepole, gesi hutengenezwa kidogo, na hicho kidogo huharibiwa haraka na kemikali zinazozidi katika ugonjwa huu. Hivyo baba yako anapoanza kutembea, mishipa ya mapaja, ambayo ingepaswa kufunguka ili ipitishe damu nyingi, hufunguka kwa kusitasita. Kumbuka pia kwamba mtu anayekaa kitini kutwa hana damu inayokwenda kasi mapajani, kwa hiyo utando wake haupati hata kile kichocheo kidogo ambacho ungekipata.

Ninakaa zaidi kwenye misuli, kwa kuwa hapo ndipo penye jibu la mzigo wa gunia. Mama yako anapochinja kuku wa kienyeji, ataona kwamba nyama ya paja ni nyekundu yenye giza, na ya kidari ni nyeupe. Kuku hutembea kutwa nzima kwa mapaja, lakini huruka mara moja moja tu kwa kidari. Nyuzi nyekundu ni za kazi ya muda mrefu: zina mishipa midogo mingi na zimejaa mitokondria, yaani vile vinu vidogo vya ndani ya seli vinavyotumia hewa ya oksijeni kutengeneza nguvu. Nyuzi nyeupe ni za nguvu ya ghafla, hutumia sukari haraka, hutoa asidi na huchoka mapema. Misuli ya binadamu huchanganya aina zote mbili. Vipande vya nyama ya paja vilivyochukuliwa kwa sindano kutoka kwa wagonjwa wa moyo vimeonyesha kwamba nyuzi za kazi ndefu hupungua na zile za kuchoka haraka huongezeka uwiano wake, mitokondria hupungua, na misuli yenyewe husinyaa. Kwa lugha ya kuku, paja linaanza kuwa kidari.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo yote ni njaa ya damu, moyo ukisukuma vizuri yatakwisha. Ndivyo tulivyofikiri na sisi, mpaka ulipofanyika uchunguzi uliotumia mkono badala ya mguu. Misuli ya kigasha, kati ya kiwiko na kiganja, ni midogo, na kiasi cha damu inachohitaji hata moyo dhaifu unaweza kukitoa bila shida. Mgonjwa alipewa kazi ya kufinya kitu kwa kiganja huku chombo kikipima kemia ndani ya misuli, na bado akiba ya nguvu iliisha mapema na asidi ikapanda haraka kuliko kwa mtu mwenye afya. Kwa maneno mengine, msuli ulikuwa umebadilika wenyewe, na mabadiliko hayo yanabaki hata moyo unapoanza kupona. Hata waliopandikizwa moyo mpya kabisa huendelea kuwa na miguu dhaifu kwa miezi mingi.

Tena, msuli uliochoka haukai kimya. Ndani yake mna miisho ya neva inayohisi asidi na kupeleka habari kwenye ubongo, nao ubongo huongeza kasi ya kupumua na kuibana mishipa. Kwa wagonjwa hawa neva hizo huwa na makelele kupita kiasi, kwa hiyo mzee huhema sana kwa sababu ya mapaja, ingawa mapafu yake hayana maji tena. Anayemtazama huona pumzi, anaogopa, anamkalisha kitini. Kitini paja linazidi kusinyaa.

Hapo ndipo ninapolazimika, kwa heshima zote, kutokubaliana na mama na shangazi. Wanafanya wanachofanya kwa upendo, na wala hawakukitunga wao: kwa miaka mingi madaktari wenyewe waliagiza kitanda kama dawa ya moyo ulioshindwa, na vitabu viliorodhesha ugonjwa huu miongoni mwa mambo yanayokataza mazoezi. Mwaka 1990 kundi la madaktari wa Oxford, Uingereza, akiwemo Andrew Coats, lilichapisha matokeo ya wagonjwa wachache walioendesha baiskeli ya mazoezi nyumbani kwa wiki nane. Walipata nguvu zaidi na dalili zao zilipungua. Miaka michache baadaye Coats na wenzake wakaieleza bayana hoja kwamba misuli ni chanzo kikubwa cha uchovu na pumzi ya wagonjwa hawa. Uchunguzi mkubwa uliofuata, uliotolewa mwaka 2009 kwa wagonjwa 2,331 wa Marekani, Kanada na Ufaransa, ulionyesha kwamba mazoezi ni salama kwa mgonjwa aliyetulia na huboresha maisha yake ya kila siku, ingawa upungufu wa vifo na kulazwa ulikuwa mdogo kuliko tulivyotarajia. Ninautaja upungufu huo kwa sababu sipendi mazoezi yauzwe kama muujiza. Wanaopata faida ni wale wanaoyaendeleza, na wengi huacha.

Kwa hiyo baba yako aanze, baada ya daktari wake kuthibitisha kwamba ametulia. Aanze asubuhi kabla jua halijachachamaa, kwa sababu joto la kusini kuanzia Novemba hadi Machi, likichanganyika na vidonge vya kukojoa, linaweza kumkausha na kumwangusha. Atembee dakika tano kwenye ardhi tambarare, apumzike, arudie, na kila wiki aongeze dakika mbili au tatu hadi afike nusu saa kwa siku nyingi za wiki. Hatumtumi ashuke lile bonde la Shimo la Mungu hapo Newala na kupanda tena. Kipimo cha mwendo ni mazungumzo: awe anaweza kumaliza sentensi akitembea, lakini kuimba kumshinde. Akiwa nyumbani asimame na kukaa kwenye kiti mara kumi, asubuhi na jioni, na anyanyue visigino akiwa ameshika mlango. Ninapenda pia afanyie kazi mguu mmoja kwa wakati, kwa mfano kuunyoosha na kuukunja akiwa ameketi, huku kimfuko cha mchanga cha nusu kilo kimefungwa juu ya kifundo. Ukifanya kazi mguu mmoja, moyo unaweza kuulisha vya kutosha, nao msuli hupata mafunzo ambayo usingeyapata ukigombania damu na mwenzake. Asizuie pumzi anapokaza. Na maji ya kuoga ajichotee mwenyewe, ndoo ikiwa nusu.

Baada ya wiki sita hadi nane mtaona tofauti ya umbali, na huenda eko isibadilike hata kidogo. Msishangae. Mishipa hujifunza tena kufunguka na mitokondria huongezeka, na hayo hayaonekani kwenye picha ya moyo.

Kuhusu chakula, msuli haujengwi kwa ugali wa muhogo mtupu. Mbaazi, kunde, samaki wabichi na mayai vipo kwenu, na korosho yenyewe ni chakula kizuri ikikaangwa bila chumvi. Ng'onda nalipenda kama mtu yeyote wa pwani, lakini chumvi yake ni nyingi mno kwa mzee huyu, na kulilowesha usiku kucha hupunguza tu.

Lile jambo la damu ni madini ya chuma. Wengi hufikiri chuma ni cha kutengenezea damu tu, kumbe mitokondria za misuli nazo haziwezi kufanya kazi bila chuma. Wagonjwa wa moyo wenye upungufu wa madini hayo wamepata nafuu ya kutembea walipowekewa chuma kwa njia ya mshipa, hata baadhi ambao damu yao haikuwa imepungua. Vidonge vya kumeza havikuwasaidia kwa kiwango hicho. Kwa mkulima anayelima peku, minyoo ya safura nayo inaweza kunyonya chuma kimyakimya kwa miaka. Mwombeni daktari apime wingi wa damu na akiba ya chuma, na choo kwa ajili ya minyoo.

Mwisho kuhusu mzee: nunueni mizani. Familia iliyopima magunia ya korosho maisha yake yote haipaswi kukosa mizani ya kumpimia mtu. Apime kila asubuhi akishakojoa na kabla ya kula. Akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, au akivimba upya, au akishindwa kulala chali, asitishe mazoezi na afike kliniki, kwa sababu hayo ni maji. Maumivu ya kifua, kuzimia, au kukosa pumzi akiwa ameketi ni mambo ya kumkimbiza hospitali siku hiyohiyo. Na akipungua uzito miezi kadhaa mfululizo bila kukusudia, msifurahi kwamba amepungua mwili. Huenda ni misuli inayoliwa.

Swali kutoka Lindi mjini

Daktari, mimi ni mama wa miaka 48, nina ugonjwa huohuo wa moyo kutanuka. Usiku misuli ya mashavu ya miguu hunikaza kwa maumivu makali. Nikinunua diklofenaki kwenye duka la dawa napata nafuu, lakini wiki iliyofuata miguu huvimba. Nimeambiwa ni uchovu wa kupanda mlima kwenda Mtanda. Je, ni kweli?

Jibu

Pole sana, dada. Mlima hauna kosa. Kosa la uvimbe ni la diklofenaki. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, huzuia kemikali zinazoilegeza mishipa inayoingia kwenye figo. Figo zikipata damu kidogo hushikilia chumvi na maji, na kila ulichokitoa kwa vidonge vya kukojoa kinarudi. Ukizichanganya na vidonge hivyo pamoja na enalaprili au losatani, figo zinaweza kudhurika kabisa. Achana nazo leo, na ukihitaji cha kutuliza maumivu tumia parasetamoli kwa kipimo chake.

Kukaza kwa mashavu ya miguu kuna sababu zaidi ya moja. Vidonge vya kukojoa hutoa potasiamu na magnesiamu kwenye mkojo, na msuli ukipungukiwa na madini hayo hujikunja bila ruhusa. Usikimbilie kula ndizi na kunywa madafu kwa wingi ili kuyarudisha, kwa sababu kama unatumia pia spironolaktoni au enalaprili, potasiamu yako inaweza kuwa imezidi tayari, na ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Kipimo cha damu ndicho kitakachosema. Kabla ya kulala nyoosha mashavu ya miguu kwa kusimama umeegemea ukuta, visigino vikiwa chini, kwa nusu dakika mara tatu. Kama maumivu huja unapotembea na kukoma unaposimama, si usiku, hiyo ni habari nyingine, ya ateri za miguu kuziba, na inafaa daktari akupapase mapigo ya nyayo.

Swali kutoka Kilwa Masoko

Naomba jina langu lisitajwe. Nina miaka 54, moyo wangu ulishindwa kazi mwaka uliopita na sasa naendelea vizuri. Nguvu za kiume zimepungua sana. Rafiki amenipa vumbi la Kongo, na mwingine vidonge vya buluu. Naogopa kumuuliza daktari wa kliniki kwa kuwa ni binti mdogo.

Jibu

Huna haja ya kuona haya. Ule utando wa mishipa na ile gesi yake niliyoieleza kwa mwenzako wa Newala ndivyo vinavyofanya kazi hata hapo. Mishipa isiyofunguka vizuri mapajani haiwezi kutegemewa kufunguka vizuri kwingine. Baadhi ya vidonge vya moyo huchangia pia, hasa spironolaktoni, na wakati mwingine daktari anaweza kubadilisha kimoja. Usiache chochote kwa uamuzi wako.

Vidonge vya buluu, yaani sildenafili, huzuia kuvunjwa kwa ujumbe ambao gesi ile huupeleka kwenye ukuta wa mshipa, ndiyo maana mshipa hubaki umelegea. Mgonjwa wa moyo aliyetulia anaweza kuandikiwa na daktari. Lakini kama una kidonge cha kuweka chini ya ulimi kwa maumivu ya kifua, au unatumia dawa yoyote ya jamii ya nitreti, viwili hivyo vikikutana presha inaweza kushuka hadi ukapoteza maisha. Vumbi la Kongo litupe, kwa kuwa hakuna ajuaye kilichomo ndani ya pakiti uliyopewa. Matembezi niliyomwandikia mzee wa Newala yanakufaa na wewe, na ukiweza kupanda ghorofa mbili kwa mwendo wa kawaida bila kuhema sana wala kuumwa kifua, kwa kawaida moyo wako unaweza kustahimili tendo la ndoa.

Kuhusu huyo binti wa kliniki, amewahi kusikia swali lako mara nyingi kuliko unavyodhani. Siku ya miadi beba dawa zako zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na hizo unazomficha mkeo, uziweke mezani mbele yake, na utaona kwamba hutalazimika hata kulianza swali lenyewe.